Mvua ya Ndani ya Nyumba

Lushoto mwezi Julai mvua ina vituo viwili: nje, ikijisikia, na ndani ya kitalu nyumba changu kila alfajiri, bila kukosa. Mgeni akiingia kutazama nyanya, tone la kwanza humpata utosini, la pili shingoni, na la tatu humsubiri ainue uso kuuliza yanatoka wapi.

Mjomba wangu, seremala mstaafu, alitoa hukumu papo hapo: "Nailoni imetoboka."

Nikamweleza kwamba usiku nailoni hupoa upesi, na mvuke wa majani na udongo ukiigusa hugeuka maji. Akanitazama kwa huruma. "Mjomba, tangu lini nailoni ikazaa maji?"

Akapanda ngazi na gundi. Tundu hakuliona, basi akaziba alichokiona: matundu ya hewa ya paani. Akashuka, akateremsha na mapazia ya pembeni, akayafunga kwa kamba.

Kesho yake matone yalikuwa yamejazana paani kama abiria wa daladala wanaongoja kituo. Mjomba, mtu wa kishindo, akaubamiza mlango nyuma yake. Wakashuka wote. Alitoka ameloa hadi soksi, akasema tundu ni kubwa kuliko alivyodhani.

Hazikupita siku nyingi majani yakaota mabaka ya kahawia. Ugonjwa huo, bakajani chelewa, haudai mengi: ubaridi, na jani lililolala limelowa.

Shangazi naye akaona nyanya zinaonewa na jua. Akatandika wavu wa kivuli juu ya nailoni ambayo tayari ilikuwa na vumbi la barabara na ukijani wa mwani. Miche ikarefuka kuutafuta mwanga, shina jembamba, maua ya kuhesabu. "Umeona zilivyokua?" akaniuliza. Zilikua kweli, shangazi. Kuzaa ndiko hazikuzaa.

Kitalu nyumba hujengwa ili kifunguliwe. Asubuhi pandisha mapazia na uache matundu ya juu wazi, hata kama kuna kibaridi, mvuke utoke. Mwagilia asubuhi, si jioni. Punguza majani ya chini, hewa ipite. Nailoni ioshe kwa sifongo laini na maji ya sabuni. Wavu uweke stoo hadi jua kali la Januari. Na mjomba akija kukusaidia, mpokee kwa heshima zote, mpe chai na kiti kizuri, ila ngazi uwe umeshaiazimisha kwa jirani.