Haina Baraka

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naishi Gihosha, na nina Corolla nyeupe. Mambo hayo matatu yangeishi kwa amani kama si mvua ya Aprili.

Bujumbura ya chini, karibu na ziwa, ni tambarare na ina lami. Ukipanda huku kwetu, njia za ndani ni udongo mwekundu. Kuanzia Juni hadi Agosti udongo huo ni vumbi. Mvua ikinyesha, unakuwa ugali uliotiwa mawese. Gari langu lilikuwa likitoka nyumbani jeupe na kufika shuleni limevaa sketi nyekundu.

Nami pesa za rangi ile nilikuwa bado nadaiwa. Gari lenyewe lilitoka Japani, likashushwa Dar es Salaam, likaingia nchini kupitia Kobero na usukani wake upande wa kulia, ilhali Burundi tunaendesha kulia. Nikitaka kulipita lori, namwomba abiria achungulie. Tena linaongea Kijapani: kila asubuhi nikiwasha, sauti ya mama mmoja mwenye adabu hutamka maneno mawili matatu. Kwa miaka miwili niliamini ananiombea safari njema, nami nikimjibu “amina”. Baadaye nikaelezwa kwamba anakumbusha tu kuwa kadi ya kulipia barabara haijachomekwa.

Basi nikaamua kuweka madigadi. Hapa mjini wengi husema baveti, neno la Kifaransa linalotumika pia kwa kile kitambaa anachofungwa mtoto shingoni asijichafue akila. Nikaona ndiyo dawa: gari langu lilikuwa mtoto asiyejua kula.

“Osha tu,” alisema mama watoto. “Ndoo ipo.”

Mwanamume aliyekwisha kuamua haambiwi habari za ndoo. Nikashuka Buyenzi.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili na wa mafundi. Barabara zake hazina majina, zina namba, na katika kila namba kuna gari limelala chali. Fundi niliyempata alilizunguka langu mara moja, akaguna kama daktari.

“Mwalimu, madigadi za dukani ni plastiki. Zitavunjika kabla hujafika Gihosha. Mimi nitakupa mpira wa lori.”

Akaenda nyuma ya kibanda akarudi akiburuta mpira mpana, mweusi, mzito, uliokuwa ukining'inia nyuma ya lori la safari za Dar. Ulikuwa na maandishi meupe ya rangi ya mafuta, mistari miwili, lakini matope yalikuwa yameyafunika nusu na mimi nilikuwa nimeshughulika na bei. Akaukata vipande vinne kwa kisu kilekile anachokatia matairi ya kutengenezea katambuga. Kisha akashika drili.

Naomba msomaji asimame kidogo kwenye tundu la kwanza. Nimekuja kulinda rangi, na jambo la kwanza linalotendeka ni mtu kuitoboa rangi hiyo mbele ya macho yangu. Tundu la pili lilipofika katikati, umeme ukakatika. Fundi hakutikisika. Akachukua msumari na nyundo.

Kwa pigo la tatu kipande cha ukubwa wa chapati kilianguka chini. Hakikuwa bati. Kilikuwa mastiki, ile dawa ya kuzibia mabonde, nene kama keki, imepakwa rangi nyeupe juu. Ndipo nikajua kwamba yule aliyenipakia rangi alikuwa mpishi.

“Usijali,” fundi akasema. “Baveti itafunika.”

Ikafunika. Nikawasha gari, mama wa Kijapani akasema lake, nikakata usukani nitoke. Krrrr! Tairi la mbele lilikuwa likisaga mpira.

“Fundi, linakwaruza.”

“Mwalimu, kwani ni lazima ukate kona yote?”

Wiki ile nilifika kila mahali kwa kona nusunusu, kama meli.

Jumamosi tukawa na harusi ya shemeji yangu. Gari langu likapewa heshima ya kubeba mashangazi, nyuma tu ya gari la bibi harusi. Asubuhi nililiosha kwa bidii, madigadi nazo nikazisugua kwa brashi mpaka maandishi yakang'aa. Sikuyasoma. Mwalimu akishaacha kusahihisha, hasomi.

Njia nzima watu walikuwa wakicheka na kutupungia, nami nikawapungia. Ukumbini, wazee walipokuwa wakishindana kwa maneno matamu ya mahari, ng'ombe wakitajwa ambao hakuna aliyewaona, mpiga video akanivuta kando anionyeshe picha zake. Alikuwa ametufuata kwa nyuma. Pale kwenye video, gari la maharusi na maua yake linametameta kwa mbali, na karibu kabisa, kwa herufi kubwa, makalio ya gari langu: kushoto HAINA, kulia BARAKA.

Lile lori lilikuwa limeandikwa methali ya watu wote: HARAKA HARAKA, na chini yake HAINA BARAKA. Fundi alikuwa ameigawa kwa haki. Matairi ya mbele yalipata HARAKA moja moja. Ya nyuma yalipata hukumu.

Shangazi mkubwa, ambaye hakuipenda ndoa ile tangu siku ya barua, aliitazama video mara mbili. Akakunja kanga yake. “Hata gari linajua,” akasema.

Jumatatu darasani, kijana wa nyuma alinyoosha mkono. “Mwalimu, gari si ni ngeli ya li-ya? Ingekuwa halina baraka.” Darasa likavunjika. Miaka yote ninafundisha upatanisho wa sarufi, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kuona umeeleweka.

Usiku huohuo nikaazimia kuzing'oa, lakini gari likanitangulia. Nikirudi nyuma kutoka uani, mpira wa nyuma, ambao ulikuwa mrefu kupita kiasi, ulibanwa kati ya tairi na jiwe la mtaro. Tairi likapanda juu ya BARAKA, BARAKA ikavuta skrubu, skrubu ikavuta bampa. Nikashuka nikakuta imelala barabarani. Kwenye gari ilikuwa imebaki HAINA.

Jirani yangu, mzee mstaafu aliyeendesha malori ya Dar kwa miaka mingi, alikuja na tochi. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alijiinamisha, akaingiza mkono ndani ya pango la tairi, akafuta matope kwa kidole.

“Mwanangu, njoo uone.”

Pale ndani, kwenye ukingo, palikuwa na skrubu na vitundu vilivyozibwa kwa plastiki ndogo. Vilitoka hivyo kiwandani. Madigadi ya gari lile hukaa hapo, bila drili wala msumari, na rangi ya nje haiguswi.

Alinifundisha na mengine, bila ada. Madigadi isiguse ardhi hata gari likipakia watu. Kabla ya kukaza skrubu, kata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, usikie. Na ukilazimika kutoboa bati, paka kingo za tundu dawa ya kutu palepale, kwa sababu matope hujificha nyuma ya mpira, hukaa na unyevu, na kutu huanza kula kwenye tundu lile ulilolitoboa wewe.

Sasa gari lina viraka vinne, halina madigadi, na watoto wa mtaani hawaliiti Corolla tena. “Haina Baraka anapita!” hupiga kelele, na sarufi wameikataa. Ndoo ya mama watoto iko mlangoni, naitumia kila jioni.

Nawe unayetaka kulinda rangi ya gari lako, kabla hujamruhusu fundi kutoboa, lala chini uchungulie kwanza. Huenda Mjapani alikwisha kutoboa. Halafu, kama mpira una maandishi, usome.