Pua ya Altezza

Mjapani hutengeneza gari, akalijaribu juani, kwenye theluji na kwenye mvua, kisha akalipakia melini likavuka Bahari ya Hindi hadi bandari ya Dar es Salaam. Hapo ndipo linapokutana na mkaguzi wake wa mwisho: kijana wa Sinza mwenye ndala miguuni na simu mkononi. Kijana hulizunguka mara moja, hufungua boneti, hutikisa kichwa kwa masikitiko, halafu hutoa hukumu: "Hapa jamaa walibania."

Mpwa wangu ni miongoni mwa wakaguzi hao. Aliponunua Altezza yake, ukoo mzima ulimpongeza na mama yake akaichinjia jogoo. Mchuzi haujapoa, mwana akaanza kusahihisha makosa ya Wajapani. Alianza na springi, akazikata ili gari liiname. Likainama kweli. Tangu hapo, kila tukifika kwenye tuta abiria wa nyuma tunashuka, gari linavuka kimshazari, tunapanda tena. Akahamia kwenye eksosi, akang'oa sailensa, na bibi yake anayekaa Magomeni akawa anajua mjukuu anakuja tangu akiwa Manzese. Anaweka chai jikoni, na inachemka kabla hajafika.

Mwisho akaigusa pua.

Gari linapumua, tena linapumua kuliko sisi. Kila kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Ndiyo maana kiwandani magari mengi hupewa boksi jeusi la plastiki chini ya boneti, ndani yake mna filta ya karatasi, na mdomo wa boksi hilo umewekwa juu juu, nyuma ya grili au pembeni ya radieta. Mara nyingi chini ya boksi kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua, na kwenye bomba lake kuna vijichumba vya kupunguza makelele. Halina mvuto hata kidogo. Mpwa wangu aliliita boksi la wazee.

Fundi akalitoa, akasema kwa upole, "Hili takataka niachie mimi, bosi, nitajua pa kulitupa." Mahali pake akafunga bomba la alumini linalong'aa, likashuka kando ya betri, likapenya nyuma ya madigadi, likaishia ndani ya bampa, pale ilipokuwa taa ya ukungu. Ncha ya bomba ikavishwa filta nyekundu yenye umbo la pia. Kutoka kwenye filta hadi kwenye lami palibaki kama sentimita 25, na hapo gari halijapakia watu.

"Anko," mpwa wangu akanieleza, macho yakimeta, "chini kule hewa ni ya baridi. Hewa ya baridi ni nzito, ina oksijeni nyingi. Injini inakula vizuri."

Na hakudanganya. Hewa ikipoa kwa nyuzi 10, uzito wake kwa ujazo uleule huongezeka kwa asilimia 3 hivi. Kwa gari lenye nguvu za farasi 200, hesabu ya juu kabisa inakupa farasi 6 wa ziada, ingawa boksi la wazee nalo kwa kawaida huvuta hewa ya nje, kwa hiyo huenda hata hao 6 hawafiki wote. Haya, tuseme wamefika. Swali langu lilikuwa moja: farasi 6 kwenye foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni wanakwenda wapi? Wamesimama pale pamoja na wenzao 200, wanatazama sahani ya namba ya daladala.

Ukweli ni kwamba kilichonunuliwa ni sauti. Ukikanyaga mafuta, bomba lile linavuta pumzi kwa kishindo hadi mbwa wa mtaani wanasimama. Mpwa wangu alikuwa anashusha vioo kwa makusudi, jua likiwaka na kiyoyozi kikipuliza, ili tusikie alichokilipia.

Hayo yalikuwa ya kiangazi. Ikaja masika.

Wakazi wa Dar es Salaam wanajua kwamba jiji hili lina mito ambayo wakati mwingine wa mwaka huwezi kuiona. Mto Ng'ombe ni mmojawapo. Unapita Sinza na Tandale kimyakimya, umebeba chupa za plastiki na godoro moja moja, na mgeni anaweza kudhani ni mtaro. Mvua za Aprili zikishuka, unakumbuka kuwa ni mto. Tulikuwa tunarudi msibani Tandale, mimi nimekaa mbele, shangazi yake yuko nyuma na kapu la sahani, tukakuta barabara imekuwa bwawa la rangi ya kahawia.

Ndani ya bwawa walisimama vijana wenye kaptura, kamati kamili ya mapokezi. "Njoo bosi, njoo! Kulia kidogo! Katikati hapo, maji ya goti tu!"

Wale vijana wana moyo wa kusaidia, lakini tukumbuke kwamba anayekuelekeza uingie ndiye atakayelipwa kukusukuma utoke. Zaidi ya hapo, maji ya goti ni maji ya goti la mtu. Filta yetu ilikuwa kwenye muundi. Nililisema hilo kwa sauti. Mpwa wangu akanijibu, "Tulia, anko, tunapita taratibu."

Na kweli alipita taratibu. Gari likiingia majini polepole, maji husukumwa mbele na kuacha kijibonde karibu na boneti, na dereva mzoefu huvuka humo. Tungeweza kuvuka. Ila upande wa pili lilitokea Fuso la mchanga, dereva wake yuko juu kama ghorofani, anakula mhindi wa kuchoma, na hakuona sababu ya kupunguza mwendo. Wimbi lake likatujia zima zima, likapanda bampa, likagonga taa. Injini ikatoa sauti moja fupi, "ko!", ikanyamaza. Tukasikia mvua juu ya paa.

Mpwa wangu akashika ufunguo.

"Baba, usiwashe," nikamwambia.

Akawasha.

Hapa niseme kidogo kuhusu kinachotokea ndani. Injini ya lita 2 yenye silinda 4 ina nafasi ya sentimita za ujazo 500 katika kila silinda. Pistoni ikishuka huvuta hewa, ikipanda huibana hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi, kwa hiyo juu ya pistoni hubaki nafasi ya mililita 55 hivi: kikombe kidogo cha muuza kahawa, kile cha kunywea kahawa chungu kwa kashata. Hewa hukubali kubanwa humo. Maji hayabaniki, hata uyabembeleze. Yakizidi kile kikombe, pistoni inapanda inakuta ukuta, na kwa kuwa krenki inaendelea kuzunguka, lazima kitu kimoja kiumie. Huumia konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Unapinda au unakatika. Injini ya dizeli hubana zaidi, kwa hiyo nafasi yake ni ndogo zaidi ya hapo. Na usidhani utawahi kukanyaga breki. Injini kama ile ikizunguka mara 3,000 kwa dakika na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, inameza hewa ya karibu lita 50 kwa sekunde. Filta ikizama, inavuta kwa pupa ileile kinachokuja.

Ndiyo maana mafundi wazee wana amri moja: gari likizimikia majini, usiguse ufunguo. Livutwe, plagi zing'olewe, ndipo injini izungushwe maji yatoke kwa kutemwa. Mpwa wangu aliipiga stata mpaka ikagoma kuitika.

Kamati ya mapokezi ikageuka kamati ya uokoaji. Gari likapangiwa bei yake. Shangazi akabebwa mgongoni pamoja na kapu lake kwa buku moja. Kijana aliyenijia mimi alinitazama kuanzia viatu hadi tumboni, akafikiri, akasema, "Mzee, wewe buku mbili." Nilitaka kubishana, lakini hoja yake ilionekana hata kwa mbali.

Gereji walifanya ilivyopasa. Plagi zikatoka, injini ikazungushwa, na silinda ya tatu ikamtemea fundi maji usoni mbele ya wateja. Oili iliyomwagwa ilikuwa imegeuka nyeupe kwa kuchanganyika na maji, ikawekwa mpya. Filta nyekundu ikaanikwa juu ya paa. Halafu gari likawaka! Mpwa wangu alimkumbatia fundi. Nikasema nasikia kitu, ka-ka-ka, kwa chini. Fundi akasikiliza, akasema ni tapeti. Mpwa wangu alikuwa na tiba nzuri zaidi: akaongeza sauti ya redio.

Kwenye ile gereji tuliambiwa pia kwamba dawa zipo. Kuna soksi ya kuvisha filta inayofukuza matone, nayo inasaidia kwa manyunyu, wala si kwa filta iliyozamishwa. Kuna vali yenye sponji inayofungwa juu kwenye bomba, ili filta ikizama injini ivute hewa kupitia hapo. Watengenezaji wenyewe husema haifai kwa injini za tabo. Kuna bomba fupi linaloiacha filta chini ya boneti, mbali na maji ila karibu na joto, kwa hiyo wale farasi 6 unawarudisha dukani na sauti unabaki nayo. Mpwa wangu alisikiliza yote hayo, akachagua kununua filta mpya ya bluu na kuifunga palepale ndani ya bampa.

Kumbe konrodi ya silinda ya tatu ilikuwa imepinda kidogo tu, na hiyo ndiyo hatari kuliko kukatika papo hapo. Konrodi iliyopinda hufanya kazi. Hukupeleka kazini na kukurudisha, hukupeleka kanisani, na kila mzunguko unazidi kuichosha. Ikachagua siku yake: Jumamosi tuliyokwenda Mlandizi kupeleka mahari ya mpwa wangu, mimi nikiwa mshenga.

Tulikuwa tumeshapita Kibaha Maili Moja, shangazi ameshika bahasha kifuani, mpwa wangu anatuonyesha mlio. Ukaja mlio ambao hakuulipia. Konrodi ilitoboa ubavu wa injini ikatoka nje, oili ikamwagika kwenye Barabara ya Morogoro, na pale ubavuni pakabaki tundu ambalo ungeweza kupitishia kiganja. Shangazi akachungulia, akauliza kama patazibika kwa gundi. Mpwa wangu akapiga simu bima, akakumbushwa kwa adabu kwamba alikata bima ndogo, ile inayomlipia utakayemgonga. Mwenyewe alikuwa amejigonga.

Tulifika Mlandizi na kirikuu iliyotoka kupeleka kuku sokoni. Shangazi alikaa mbele na dereva. Mimi mshenga nilisimama nyuma na suti yangu, nimeshika bomba, manyoya yananipanda mabegani.

Baba wa binti ni dereva mstaafu wa malori ya Zambia. Alitupokea vizuri, akatupa maji, akatutoza faini ya kuchelewa kabla hatujayanywa, kisha akataka kujua gari limekufa na nini. Nikamweleza. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu: pua ilikuwa wapi?

"Ndani ya bampa, mzee," nikasema.

Akanyamaza. "Lori langu," akasema hatimaye, "lilikuwa linavutia hewa juu, nyuma ya kichwa. Fuso la mchanga vivyo hivyo. Land Cruiser za watalii kule mbugani, bomba linapanda hadi usawa wa paa. Hao ndio wanaojua maji na vumbi. Huyu anayekaa kwenye lami pua kaiteremsha miguuni?" Mpwa wangu alitazama zulia. Shangazi akajaribu kusaidia: "Ni fasheni, baba."

Huku kwetu kamati ya harusi ilikuwa imeshaanza kukusanya michango, na nilijua kabisa mpwa wangu alikuwa anapiga hesabu ya kuingiza injini ya mtumba kwenye bajeti, kifungu cha usafiri. Nilijua pia kwamba lile boksi la wazee fundi hakulitupa popote. Liliuzwa Gerezani, na atakayelitaka sasa atalinunua kwa bei inayozidi ya filta zote mbili, nyekundu na bluu.

Mzee naye, kwa alivyonitazama, alikuwa analijua hilo. Katibu wao alikuwa anasoma orodha: ng'ombe, mbuzi, mkaja wa mama, blanketi la bibi, koti la babu. Mzee akamsimamisha, akamwambia aongeze mstari: boksi la hewa la Altezza, la kiwandani, pamoja na mdomo wake, lionekane limefungwa kabla ya ndoa.

Tukaomba tupunguziwe, kama ilivyo desturi. Ng'ombe alikubali kupunguza wawili. Koti la babu akalisamehe. Boksi akakataa.