Martha Alivyotuunguzia Pilau

Wasifu wa mtu maarufu ulioandikwa kwa baraka zake mwenyewe haunogi. Unaanza na utoto wa shida, unapita kwenye dua za mama, unamalizikia kwenye shukrani kwa wafanyakazi wote. Mimi naupenda ule ulioingilia mlango wa uani: mwandishi kanyimwa mahojiano, basi kawafuata jirani waliyegombania naye mpaka wa kiwanja, mpishi aliyefukuzwa, na shoga wa zamani mwenye dukuduku la miaka.

Na katika watu wa kusemwa, hakuna wanaonoga kama wanaouza maisha mazuri. Mwimbaji akigombana na mumewe, wimbo unabaki wimbo. Anayeuza utulivu wa nyumba yake akigombana na mumewe, bidhaa yenyewe imeingia ufa, na sisi wanunuzi tuna haki ya kuchungulia. Hivyo ndivyo ninavyojitetea.

Malkia wao ni Martha Stewart. Alizaliwa Martha Kostyra mwaka 1941, New Jersey, katika familia ya watoto sita yenye asili ya Poland. Alipigwa picha za matangazo, akawa dalali wa hisa Wall Street, kisha akahamia Westport, Connecticut, kwenye nyumba kuukuu ya shamba aliyoikarabati na mumewe. Huko ndiko alikoanza kupikia sherehe za watu. Kitabu chake Entertaining kilitoka 1982, na Wamarekani wakaanza kuzionea aibu meza zao. Oktoba 1999, siku kampuni yake ilipoingia soko la hisa la New York, aliwapelekea madalali mikate ya siagi na juisi ya machungwa. Jioni yake, kwenye makaratasi, alikuwa bilionea.

Mtu wa namna hiyo lazima asemwe. Jerry Oppenheimer alimwandika 1997 katika Just Desserts, Christopher Byron akafuata 2002 na Martha Inc. Hicho cha kwanza nilikipata Posta kwa muuza vitabu vya mitumba. Hakikuwa na jalada, kwa hiyo kwenye daladala nilikisoma kwa heshima zote, abiria wenzangu wakidhani ni kitabu cha ibada.

Sasa, siku tulipopokea barua ya posa ya mdogo wangu, shangazi alikuja kutoka Tanga kusimamia jiko. Kusimamia maana yake ni kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na sufuria na kulaumu. Pilau ilikuwa imekauka maji, makaa nimeshayapalia juu ya mfuniko, imebaki kuyatoa kwa wakati wake. Nikafungua kitabu.

“Unasoma nini tena?”

“Habari za mama mmoja wa Kimarekani, shangazi. Anafundisha watu kupamba nyumba.”

“Ana mume?”

“Alikuwa naye. Waliachana.”

Kiti cha plastiki kikasogea. “Na mume kaishia wapi?”

“Baadaye alimwoa aliyekuwa msaidizi wa Martha.”

“Humohumo ndani!” Alipiga paja. “Hebu soma kwa sauti.”

Nikawa nasoma huku natafsiri. Oppenheimer anamchora Martha kama mtu mkali, mwenye kutaka kila kijiko kikae pake. Shangazi, ambaye asubuhi ile alinirudishia vikombe vyote nivioshe upya, alimhurumia sana yule mume.

“Na huyu aliyeandika,” akauliza, “hajasutwa?”

Swali zito hilo. Kwetu pwani, maneno yakikosa ushahidi wanawake hushona sare, hukodi matarumbeta, na mwenye mdomo akasutwa mlangoni kwake mchana kweupe. Nikamweleza kuwa Marekani mambo hayo huishia mahakamani, na kwamba tangu miaka ya 1960 mtu maarufu anayeshtaki lazima athibitishe mwandishi alijua anasema uongo, au hakujali kama ni uongo.

“Kwa hiyo mbea akiuamini umbea wake, yuko salama?”

“Karibu hivyo.”

“Nchi nzuri,” alisema.

Nikampa na ya jela, ambayo kitabu hakikuwahi kuifikia. Hapo serikali iliwapiku wambea wote. Hata Byron, pamoja na kupekua makabati yote ya Martha, kitabu chake kilikuwa kimeshatoka kashfa ilipolipuka. Tarehe 27 Desemba 2001 Martha aliuza hisa 3,928 za kampuni ya dawa iitwayo ImClone, siku moja kabla ya habari mbaya kutangazwa, akakwepa hasara ya dola 45,673. Hakufungwa kwa kuuza, alifungwa kwa kuwadanganya wapelelezi: miezi mitano, Alderson, West Virginia.

“Dola elfu arobaini na tano,” shangazi alirudia taratibu. “Mtu mwenye bilioni?”

“Ndiyo.”

“Huyo hakuwa na shangazi.”

Nilikuwa nimefika anapotoka gerezani Machi 2005, kavaa poncho aliyofumiwa na mfungwa mwenzake, shangazi akitaka kujua ni ya rangi gani, tuliposikia harufu. Moshi ulikuwa unatafuta njia pembeni mwa mfuniko. Uani mshenga alikuwa anapiga hodi.

Shangazi hakutetereka. Pilau ya juu aliipakua kwa wanaume, ya katikati kwa wanawake, na ule mkaa wa chini akautoa kwenye sahani yake peke yake, akautangaza kuwa ni ukoko maalumu kwa wanaojua kula. Alipoona mikono inaenda sahanini kwa kusitasita, akawapa wageni Martha.

Wanawake walimkumbatia mara moja. Kabla juisi haijazunguka, hisa za ImClone zilikuwa zimeshakuwa hisa za kikoba, msaidizi ameshakuwa dada wa kazi, na mume katoroka na sufuria za mahari. Nilifungua kinywa nirekebishe, nikakonyezwa ninyamaze. Ukoko ulikuwa unaliwa bila mtu kuutazama.

Mama mkubwa wa mposaji alikunja uso kama anayekumbuka jambo. “Huyu Martha,” akasema, “si yule aliyekuwa anakaa Korogwe, karibu na stendi?”

Shangazi akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga. “Huyohuyo.”