Hamsini ya Mkwe

Nilipooa hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, mke wangu alikuja na mwanawe wa miaka sita. Nilimpenda mtoto kabla sijajua kwamba ana bei serikalini. Karani wa mishahara kazini ndiye aliyenifungua macho: mtoto wa kambo ni mtegemezi sawa na wa kumzaa, na mwenye mtegemezi hupunguziwa IRPS, ile kodi wanayoikata kabla mshahara haujakufikia. "Lete tu sedula yake."

Sedula, ile hati yake ya kuzaliwa, alikuwa nayo baba mkwe. Ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya sanduku la bati, maana miaka hii ya kukimbia vita huku na huko imetufunza kuwa karatasi hubebwa kabla ya godoro. Naye hakutaka kuitoa. Ni mwalimu, alishapewa ulezi wa mjukuu wake kisheria, na kazini amemwandikisha pamoja na wanawe watatu wa mwisho.

"Huyu ni wa nne," alisema. "Ukimwondoa nabaki na watatu."

Sasa sikia hesabu yenyewe. Kwa jedwali lililotokana na sheria ya 2013, anayelipwa chini ya metikali 20,250 kwa mwezi hakatwi kitu. Wa 30,000 asiye na mtegemezi hukatwa 1,362.50, akiwa naye mmoja, 1,312.50. Mtegemezi wa kwanza basi ni metikali 50. Wa pili anaongeza 25, wa tatu 25, wa nne 50 tena, na kuanzia wa tano ni hongera tupu. Sijui ni nani huko Maputo aliyeamua kwamba mtoto wa pili na wa tatu wanakula nusu ya wa kwanza. Ila huyo hajawahi kupakua wali wa watoto.

Kwa hiyo mtoto akihamia kwangu, mimi napata noti moja ya hamsini yenye uso wa Samora Machel, na mkwe anapoteza noti hiyohiyo. Kumhesabu kote kuwili hakuruhusiwi.

Tukaitisha kikao. Kwa hamsini! Chai, mihogo ya kukaanga, na nauli ya kumleta mjomba wa mke wangu kutoka Nangade vilimeza nafuu ya mwaka mzima, yaani 600, kabla hatujamaliza kuamkiana. Mjomba ni Mmakonde, na kwao ukoo hufuata upande wa mama. "Mtoto ni wetu sisi wajomba, mniandikishe mimi," alisema. Hana mshahara, ana mikorosho.

Alipoambiwa hivyo akahamia kwenye historia. Enzi za Kampuni ya Niassa, iliyotawala mkoa wetu wa Cabo Delgado hadi 1929, kodi ilitozwa kwa kibanda: ukioa unajenga, ukijenga unalipa. Mwenye wake watatu, vibanda vitatu. Wapo waliovuka Ruvuma kuikimbia. "Ninyi mnarudishiwa hela kwa kuwa na watoto, na bado mnagombana."

Mkwe hakuwa akisikiliza. Alikuwa amevaa miwani, kidole kinateremka kwenye jedwali langu taratibu, kama anasahihisha daftari la mwanafunzi anayemshuku.

"Mkwe," aliniita kwa upole. "Aliye chini ya 20,250 hakatwi, sivyo?"

"Ndivyo, baba."

"Na wewe unataka upunguziwe."

"Ndiyo, baba."

"Upunguziwe kutoka kwenye nini?"

Hapa sina budi kueleza kwamba siku ya kupanga mahari, mshenga wangu alinitaja kuwa kibarua, leo kuna kazi kesho hakuna, na aliyasema hayo kwa sauti ya msiba. Wazee walinionea huruma. Mahari ikashuka, na nusu yake ikawa deni lisilo na tarehe.

Mke wangu aliinuka kwenda kuongeza chai, na birika lilikuwa limejaa.

Mkwe alifungua sanduku la bati, akaitoa sedula safari yake yote, mfuko hadi bahasha, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mchukue mtegemezi wako. Viatu vyake vya shule vimetoboka, sare inambana, begi halina zipu. Na lile deni la mahari tutalizungumza mwisho wa mwezi. Uje na hati ya mshahara. Mshenga mwache nyumbani."