Mkaguzi Asiyedai Marupurupu

Jua la Januari linapowaka Kitui na Makueni, mvua za vuli zikiwa zimeshaaga, mwenye bustani ya nyumbani hukaa kivulini akawahesabu maadui zake. Huanza na mbuzi wa jirani, akaja kwa tumbili, akapita kwa vidukari waliojaa nyuma ya majani ya sukuma wiki, na mwisho, kwa sauti ya mtu anayemtaja mwizi wa ukoo wake mwenyewe, humtaja mchwa. Hesabu hiyo hurudiwa kati ya Juni na Oktoba, katika kiangazi kile kirefu ambacho bustani hubaki matuta matatu kando ya jiko, yakinyweshwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Wengine wote katika orodha hiyo wana watetezi: mbuzi ana mwenyewe, tumbili ana sheria ya wanyamapori, vidukari wana uchache wa akili. Mchwa hana mtu. Ninajitolea kumtetea, na zaidi ya kumtetea, kumsifu, kwa kuwa ninaamini hakuna mtumishi mwingine Ukambani ambaye kazi yake imedharauliwa kwa kiasi hicho huku ikifanywa kwa bidii hiyo.

Sifa zake ndogo nitazitaja mbiombio ili zisije zikalalamika. Amelima uyoga chini ya ardhi kwa miaka ipatayo milioni 30, bila ruzuku ya mbolea. Kichuguu chake hupumua vizuri hivi kwamba msanifu Mick Pearce alikichukua kuwa mfano aliposanifu jengo la Eastgate mjini Harare, lililokamilika mwaka 1996. Udongo wake hufyatuliwa matofali. Watoto wake wenye mabawa, kumbikumbi, ni kitoweo magharibi mwa Kenya. Hagomi, hachelewi, hajawahi kuomba likizo ya uzazi ingawa malkia wake hutaga mayai maelfu kwa siku. Basi, yatosha.

Sifa inayonishughulisha ni ukaguzi. Mchwa ndiye mkaguzi pekee anayefika kila boma la Kitui na Makueni, kutoka Kyuso hadi Ikutha, kutoka Mbooni hadi Kibwezi, bila gari la serikali, bila mafuta ya gari hilo, na bila semina ya siku tatu katika hoteli ya Machakos kujadili namna ya kulitumia. Huja usiku ili asiwasumbue wenyeji kwa mapokezi. Haanzi kwa maombi, hatambulishi meza kuu, hangoji chai na mandazi. Hadidu zake za rejea ni sentensi moja: kitazamwe kila kitu kilichoachwa. Kwa hiyo huukagua mpini wa jembe lililosahauliwa shambani, kigingi cha ua, fito za kichanja cha vyombo, gunia la sukuma wiki lililokaa pale pale misimu miwili, kuta za choo, na mguu wa kiti alichokalia mzee mchana akakiacha nje. Hasahau kona, wala haruki boma la diwani. Akimaliza huandika ripoti yake hapo hapo, kwa udongo mwekundu, kwenye mwili wa kitu chenyewe, mahali ambapo hata asiyejua kusoma ataisoma asubuhi. Ripoti hiyo haina rasimu, haiitishi maoni ya wadau, wala haiwezi kupotea ofisini. Ofisi ndiyo huweza kupotea ndani yake: yeyote aliyewahi kufuatilia faili ya shamba katika kabati la mbao anajua kwamba mchwa akishasoma nyaraka, amezisoma kabisa.

Zamani kazi yake ilifika hata kwenye vibao. Kila mradi uliokuja Ukambani, wa bwawa, wa mbuzi wa maziwa, wa jiko lisilo na moshi, ulisimamisha kibao barabarani chenye miguu ya mbao na majina ya wafadhili. Mradi ukiisha, kibao kilisimama kiangazi kimoja au viwili, kisha mchwa akakilaza kifudifudi, na mpita njia akaelewa. Sasa wafadhili wamegundua chuma. Kibao huendelea kung'aa miaka kumi baada ya pampu kukauka, na mgeni anayepita kuelekea mji wa Wote anaweza kudhani nchi nzima inanyweshwa. Kwa maoni yangu hii ni hasara kubwa kwa uwazi wa umma, na lawama haimhusu mdudu.

Nasikia pingamizi la kwanza, na ni zito: mchwa hali vilivyokufa tu, hula na vilivyo hai. Hula mpapai! Na hapa naomba radhi nikiacha heshima ya hotuba, kwa sababu mpapai ni kitu kingine. Mpapai wa nyumbani hunyweshwa maji yaliyobebwa na punda kutoka shimo la mchangani, mtungi wa lita 20 kwa mtungi wa lita 20, tangu Juni. Hufunikwa kwa gunia, huzungushiwa miiba, hunyunyiziwa majivu na maji ya mwarobaini. Halafu wiki ile ile maua yanapotokea, unainama taratibu kama mzee anayetafuta fimbo yake, na ukiusukuma kwa kidole unakuta ndani hakuna mti, mna barabara. Hakuna hoja ya kisayansi inayotosha kwa asubuhi hiyo. Mdudu mwenye dunia nzima ya kuni kavu mbele yake, kwa nini achague shina lililojaa maji ya mwanamke aliyeamka saa kumi usiku? Ni ushenzi. Nimelisema, na sasa narudi kwenye sifa.

Jibu lipo, nalo halitupendezi. Duniani kuna aina zipatazo 3,000 za mchwa, na wale wanaohesabiwa kuwa waharibifu ni sehemu ndogo tu. Wengi hula kilichokufa: nyasi kavu, mabua, samadi, magome yaliyodondoka. Lakini boma la mtu mstaarabu lazima lifagiliwe mpaka ardhi ing'ae. Mabua ya mahindi hupewa ng'ombe, ya mbaazi huwa kuni, majani yaliyoanguka hukusanywa yakachomwa jioni, na kilichobaki huchukuliwa na upepo. Ukifika Septemba, kitu pekee chenye unyevu na nyuzi katika uwanja mzima ni ule mpapai. Mchwa hakuuchagua. Tulimwondolea sahani zote mezani, tukamwachia moja, kisha tukashangaa alikula nini. Wapo wanaosema kwamba ukitandaza nyasi bustanini unamwalika. Ni kweli, anakuja, lakini anakuja kula nyasi, na wakulima wanaotandaza hatua moja mbali na shina, badala ya kulirundikia shina lenyewe, huona tofauti. Kuhusu dawa, zamani zilikuwepo zilizommaliza kweli, dieldrin na aldrin. Zilimaliza pia vingi visivyokusudiwa, zikakaa ardhini na katika mafuta ya miili ya watu miaka na miaka, mpaka Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ukaziweka katika orodha ya sumu za kuondolewa duniani. Zinazouzwa sasa katika maduka ya pembejeo hudumu kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo muuzaji ana mteja wa kudumu. Maskini wa kweli hupaka vigingi oili chafu kutoka gereji.

Isitoshe, watu wale wale wanaotufundisha kumuua mchwa hutufundisha kuchimba mashimo ya kupandia yaitwayo zai. Mashimo hayo yameenea katika mashamba ya mfano Kitui na Makueni, na ni jambo jema. Asili yake ni Yatenga, Burkina Faso, ambako mkulima Yacouba Sawadogo, aliyepewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018, aliyaboresha kwa kutia samadi ndani yake kabla ya mvua. Samadi hiyo ilikuwa ya kumwita mchwa kama ilivyokuwa ya kuurutubisha mmea: mdudu anaifuata, anatoboa ardhi iliyokuwa sakafu, na mvua ya kwanza inapata mlango wa kuingilia. Sisi tumeagiza shimo, tukaacha mfanyakazi. Na utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2015, ukitumia ushahidi wa kituo cha utafiti cha Mpala kule Laikipia, ulionyesha kwamba vichuguu huhifadhi unyevu na rutuba kiasi cha kuifanya ardhi kame ichelewe kugeuka jangwa na ipone upesi mvua ikirudi. Laikipia si mbali sana na Mwingi, lakini habari hiyo bado iko njiani.

Mahali ambapo ukaguzi wake umefikia kilele, hata hivyo, ni katika miti ya serikali. Tarehe 13 Novemba 2023 Kenya nzima ilipewa sikukuu ya kupanda miti. Lengo la siku hiyo lilikuwa miti milioni 100, sehemu ya mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Rais William Ruto mwenyewe alishika jembe huku Makueni. Sina neno na lengo hilo. Neno langu ni juu ya kalenda na orodha ya miche. Mche uliotiwa ardhini katikati ya Novemba una majuma machache ya mvua kabla ya kukabidhiwa kwa jua la Januari na Februari. Ukiwa ni mkaratusi au mgrevilia, yaani mti wa ugenini ambao mchwa wa nchi kavu huupenda tangu utoto wake, basi huo haukupandwa, umeandaliwa. Na miti hiyo huletwa mara nyingi kwa sababu huota upesi kitaluni, lori likajaa, risiti ikaandikwa. Wenyeji wana mukau, ambao asili yake ni nchi hizi hizi kavu na ambao mbao zake mchwa huzionja akaziacha, na wana muuku, ambao vigingi vyake huusubiri uzee wa mwenye shamba. Mbegu ya mukau ni ngumu, hupasuliwa kokwa na kuchanjwa ganda ndipo iote. Lakini hiyo si siri tena. Watafiti wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, mjini Kitui, wakisaidiwa na Wajapani wa JICA, wameishughulikia kwa miaka mingi, na mashamba ya mbegu bora yapo Tiva na Kibwezi. Mche sahihi upo mwendo wa basi tu kutoka jukwaa la hotuba. Mchwa anapokula ule mwingine, anasahihisha mtihani.

Nitaambiwa kwamba ninaonea. Kinachoua miche ni ukame, mchwa humalizia tu. Na serikali haiwezi kumtuma mtu na kopo la maji kwa kila mti kati ya bilioni 15. Sehemu ya kwanza naikubali kabisa, na naiandika upande wa mchwa: mche ulionyweshwa na wenye afya anaweza kuupita, mche uliosahauliwa humwita kwa jina. Sehemu ya pili siikubali. Nani alisema lazima iwe bilioni 15 ikiwa hakuna wa kuitazama? Mama mwenye mipapai minne hapandi mia nne kwa sababu picha itapendeza. Anajua idadi ya mitungi punda wake anaweza kubeba. Hesabu hiyo rahisi, ya maji kwanza na mashimo baadaye, hufanywa kila jioni katika maelfu ya maboma, na sijaona sababu kwa nini isiwezekane katika ofisi yenye kompyuta. Tatizo ni kwamba miche huhesabiwa siku inaposhuka kwenye lori. Siku hiyo yote iko hai, hata ile isiyokuwa na mizizi, na siku hiyo ndiyo mwenye zabuni hulipwa, ofisa huandika ripoti, shule hupewa fulana. Hakuna sherehe inayofanyika Septemba. Septemba anayehudhuria ni mmoja.

Kwa hiyo napendekeza aajiriwe rasmi. Mwenye zabuni ya miche alipwe nusu siku ya kupanda, na nusu ya pili Oktoba ya mwaka unaofuata, baada ya kiangazi kirefu, kwa mti uliosimama tu. Mchwa hatadai mshahara, amekuwa akifanya kazi hiyo bure tangu kabla ya kaunti hizi kuwa wilaya. Najua pingamizi la mwisho litakalotoka kwa wakandarasi, wanaoifahamu nchi yetu: mkaguzi yeyote huweza kuhongwa. Ni kweli, na huyu ni mwepesi kuliko wote. Huhongwa kwa samadi, kwa nyasi kavu zilizotandazwa hatua moja kutoka kwenye shina, na kwa maji ya kuutosha mche usinyauke. Hongo hiyo lazima mtu ampelekee kwa mguu, mti kwa mti, na hapokei ya mkupuo. Huidai upya kila juma hadi mvua ya Oktoba inyeshe. Mkandarasi atakayekuwa tayari kumhonga kwa masharti hayo, mimi nitakuwa wa kwanza kumtetea mahakamani.