Makande ya Ujirani Mwema

Katika bloku yetu tulijuana kwa ndoo. Ile nyekundu yenye mpini wa kamba ni ya jamaa wa ghorofa ya pili anayeimba akioga. Ile iliyoandikwa "USIGUSE, NITAKUSHTAKI" ni ya mwanasheria mtarajiwa. Ile nyeupe isiyo na jina ni mali ya umma. Maji ya Dar es Salaam yakikatika, ndoo zilipangwa foleni kwenye bomba la uani, wenyewe wakarudi kulala. Ndoo zilikesha pamoja kila wiki, na wenye ndoo hawakuwahi kupeana salamu iliyozidi "mambo" na "poa" kwenye ngazi. Kulikuwa na watu wamebebana kitanda kimoja muhula mzima, kwa kuwa mmoja wao alikosa nafasi ya hosteli, na bado kila mmoja alimwita mwenzake "mwanangu" kwa sababu jina alikuwa halijui na muda wa kuuliza bila aibu ulishapita.

Mwakilishi wetu wa bloku, kijana mwenye tai nyingi na ndoto za ubunge, aliona hali hii ni fedheha. Akafungua grupu la WhatsApp, akaliita Ujirani Mwema, akatangaza chakula cha pamoja Jumamosi jioni kwa mchango wa shilingi 1,000. Nani atasema hiyo ni hela? Mkopaji wa Bodi ya Mikopo alikuwa akipewa shilingi 10,000 kwa siku, za chakula na malazi, nazo zilipanda hapo mwaka 2022 kutoka 8,500. Tatizo ni kwamba boom, yaani hela hiyo ya mkopo, haliji kila siku. Linakuja kwa mkupuo, linaondoka kwa mkupuo, na tangazo la mwakilishi lilitukuta wakati boom limebaki hadithi na watu wanaonekana kwenye korido na vikombe vya uji.

Michango ikaanza kuingia kwenye simu ya mhazini. Alipokwenda kuitoa, wakala akakata chake. Mhazini akarudi grupuni na herufi kubwa: "JAMANI TUMENI NA YA KUTOLEA!" Hapo ndipo bloku yetu ilipozungumza kwa mara ya kwanza. Wa uchumi walisema gharama ya kutoa ni ya mpokeaji. Wa sheria walisema mkataba haukutaja makato. Watu ambao kwa mwaka mzima sikuwahi kusikia sauti zao walituma ujumbe wa sauti wa dakika nne nne, mpaka saa saba usiku.

Kwa hela iliyopatikana kulikuwa na chakula kimoja tu. Pilau lilitajwa, likapigiwa hesabu, likazikwa. Yakabaki makande: mahindi ya kukobolewa kilo sita, maharage kilo tatu, lita ya mafuta, nyanya, vitunguu na mkaa. Mpare mmoja wa Same alifurahi hadi tukamwonea wivu. Kabila lake limetaniwa kwa makande tangu enzi za mababu, na sasa bloku nzima ilikuwa inakwenda kuyachangia fedha. Mkenya wa ghorofa ya tatu akasisitiza kwamba hiyo ni githeri, na kwamba kwao ina heshima zake: katika uchaguzi wa Agosti 2017 mpiga kura mmoja alipigwa picha kwenye foleni akiila kutoka kwenye mfuko wa nailoni, picha ikazagaa, na kabla mwaka haujaisha Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amempa nishani. Mpare akauliza kama nishani ya namna hiyo inaweza kutolewa kwa kabila zima.

Waliobaki walinuna. Mtanzania aliyesoma bweni ameapa, angalau mara moja mbele ya Mungu, kwamba akimaliza shule hatayala tena makande maisha yake yote.

Ijumaa usiku mahindi yalilowekwa. Ndoo iliyotumika ilikuwa ile nyeupe ya umma, ikawekwa kwenye korido karibu na bafu, na usiku huo maji yakakatika, umeme nao ukafuata. Sihitaji kumweleza mtu aliyewahi kukaa hosteli kitakachoipata ndoo iliyojaa maji ikiwa peke yake gizani. Asubuhi tuliikuta imepungua nusu. Juu ya maji yaliyobaki kulikuwa na povu zuri jeupe, na kutoka mlangoni mwa bafu hadi kwenye ndoo kulikuwa na punje za mahindi sakafuni, moja moja, zikituonyesha njia. Mtu aliyetufanyia hivyo alikuwa na utu kiasi: alipohisi mahindi kichwani alijitahidi kuyarudisha.

Kikao cha dharura kiliitwa. Mwanafunzi mmoja wa kilimo alitetea povu lile akisema nafaka ikilowekwa hutoa povu lenyewe. Tukamkubalia kuhusu povu. Kuhusu harufu ya maua hakuwa na maelezo. Hela ya mahindi mengine haikuwepo, basi yakasuuzwa, yakasuuzwa tena, na kikao kikaazimia kwa kauli moja kutolizungumzia tena jambo hilo mbele ya wageni.

Kupika vyumbani ni marufuku, kwa hiyo mafiga yalipangwa nyuma ya bloku. Sufuria kubwa tuliazima kwa mama ntilie wa nje ya geti, ambaye hakutaka maneno matamu. Alichukua rehani kitambulisho cha mwakilishi, akakitia kwenye mkoba wake wa kiunoni. Mpishi alikuwa Afande. Jina hilo alipewa kwa sababu alipita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, baada ya kidato cha sita, kama vijana wengi tangu utaratibu huo uliporejeshwa mwaka 2013, na huko alipangiwa jikoni. Afande alijua kupika kweli, tatizo alijua vipimo vya kombania tu. Kila kitu kidogo kilimtia wasiwasi.

Watu waliitwa saa kumi na mbili. Saa mbili mahindi yalikuwa bado yanalia kwenye sufuria kama kokoto. Mahali pa kwenda hapakuwepo, kwani kila mmoja alishatoa elfu moja yake na kwa elfu moja mtu hasusi. Basi tukakaa kwenye matofali, kwenye ndoo zilizopinduliwa, tukaanza kuyasema vibaya makande ya shule zetu. Mmoja alisema kwao harage likionekana unamwita mwenzako awe shahidi. Mwingine alisema kwao yaliliwa gizani kwa makusudi, taa zikizimwa na kiranja wa chakula, ili wadudu wasimkatishe mtu tamaa. Jamaa wa ndoo nyekundu alisimama akaigiza mwalimu wa zamu akionja chakula cha wanafunzi bila kukimeza. Mwanasheria alicheka mpaka akaangusha miwani kwenye majivu. Mimi nina msimamo wangu: makande yale yangeiva saa kumi na mbili, kila mtu angechota, angepanda chumbani na sahani yake, na Jumapili tungerudi kwenye "mambo" na "poa".

Ilipokaribia saa tatu Afande akaishiwa subira, akatia magadi ili kuharakisha. Akatia kipimo cha kombania. Maharage yakaivia palepale, yakapasuka, yakawa mchuzi. Mahindi hayakutishika. Afande akaonja, akatazama mbinguni, akampa kijiko mwakilishi.

"Sabuni," alisema mwakilishi.

Swali likawa ipi. Nusu ya bloku ililaumu magadi, nusu ililaumu ile ndoo. Mwanafunzi wa kemia alipotakiwa kuamua alisema magadi na maji ya sabuni vyote ni besi, kwa hiyo hata karatasi ya litmasi isingemsaidia mtu.

Mjadala huo ndio alioukuta mama ntilie, aliyekuja kudai sufuria yake ya supu ya alfajiri.

"Shikamoo mama!" bloku nzima ilimwamkia hata kabla hajafika.

"Marahaba. Nani kawapikia hiki?"

Vidole vikamwelekea Afande. Mama akavua kandambili, akazikalia, akaagiza ndimu, chumvi na vitunguu vilivyobaki, akamnyang'anya Afande mwiko kwa namna ambayo JKT hawakumfundisha kujilinda nayo. Sijui alifanya nini hasa zaidi ya ndimu na matusi madogo madogo, ila saa nne usiku tulikula. Tulikula kwenye mabakuli, kwenye mifuniko ya hotipoti, na mmoja kwenye kikombe chake cha mswaki. Ladha ya sabuni ilikuwepo kwa mbali, na watu waliomba nyongeza.

Jumatatu mhazini alituma ripoti ya mapato na matumizi. Salio: shilingi 1,700. Grupu liliwaka moto kuliko siku ya makato. Mpare alishauri ziwekwe akiba. Mkenya alitaka zigawanywe sawasawa, na mtu wa hesabu akatuonyesha ni shilingi ngapi na senti ngapi kwa kichwa. Mwanasheria alidai mkaguzi huru. Hatimaye Afande, ambaye kwa kawaida haandiki kitu, akapendekeza zinunuliwe sabuni ya kuogea, apewe yule ndugu yetu wa Ijumaa, maana ya kwake aliimalizia kwenye mahindi.

Dakika hiyohiyo mwakilishi akajitoa kwenye grupu.