Sifa za Sheria Iliyofunga Baa Jumapili

Sheria hii haina mtetezi. Mnywaji anaitukana, mwenye baa anailaani, hakimu anaisoma huku akitabasamu, na hata mchungaji aliyeipigania hugeuza mazungumzo akiulizwa imefanikisha nini. Nasema ile sheria inayokataza pombe isiuzwe siku ya Jumapili, ambayo Wamarekani wameitunza tangu enzi za walowezi wa Kiingereza na ambayo bado ina makao katika majimbo kadhaa. Nimeamua kuisifu, kwa sababu katika sheria zote zilizotungwa ili kumrekebisha binadamu, sijaona nyingine iliyomfundisha mambo mengi hivi bila kumrekebisha hata kidogo.

Tuanze na huruma yake. New York ya miaka ya 1890 ilikuwa mji wa vibarua: Wajerumani, Waayalandi, Wataliano, watu wa bandarini, wa viwanda vya nguo na vya sigara. Walifanya kazi siku sita. Ya saba ndiyo iliyokuwa yao, na Mjerumani alizoea kuimalizia bustanini pamoja na mke na watoto, bia mezani, tarumbeta zikilia. Tajiri hakuwa na haja ya kungoja Jumapili. Alikuwa na klabu yake, pishi lake la mvinyo, na hoteli ambako mtumishi mwenye glavu nyeupe alimmiminia kinywaji pamoja na chakula bila askari kugusa kitasa cha mlango. Sheria ikalitazama jambo hili kwa jicho la mama. Ikaona kwamba anayekunywa siku zote saba amekwisha kuzoea, hana hatari; wa kulindwa ni yule mwenye siku moja. Ikamchukulia hiyo moja.

Kwa miaka mingi sheria hiyo iliishi na polisi kwa mapenzi tele. Mlango wa mbele ulifungwa, wa pembeni ulirudishiwa tu, na mwenye baa alitoa kitu kidogo kwa askari wa mtaa, askari akamkumbuka mkubwa wake, mkubwa akakikumbuka chama. Nani aseme haikusomesha watoto wa watu? Uhondo huo uliharibiwa mwaka 1895, pale mtu mmoja mwenye miwani, masharubu na meno mengi, Theodore Roosevelt, alipofanywa mkuu wa bodi ya makamishna wa polisi. Akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akaitekeleza. Kiangazi kile New York ilikauka koo kila Jumapili. Ilipofika Septemba Wajerumani wakaandaa maandamano ya kumzomea, wakampelekea na mwaliko kwa dhihaka. Akaenda. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja katika msafara alipaza sauti kwa Kijerumani, "Yuko wapi huyo Roosevelt?" na jibu likamtokea jukwaani kwa Kijerumani hichohicho, "Nipo hapa!" Wakacheka, wakampungia mikono, na Novemba mji ukakinyima chama chake kura.

(Huyu ndiye yuleyule aliyeshuka Mombasa mwezi Aprili 1909, akiwa ametoka tu madarakani kama rais, akapanda reli kwenda bara na mwanawe, wakaua wanyama zaidi ya mia tano. Wanyama wetu hawakuwa na mlango wa pembeni.)

Basi baada ya vurugu hizo ndipo sheria ilipopata bingwa wake wa kweli, seneta wa jimbo aliyeitwa John Raines, mtu wa mji mdogo wa Canandaigua, mbali na kelele za New York. Sheria yenye jina lake ilipita Machi 1896. Ilipandisha ada ya leseni jijini hadi dola 800 kwa mwaka. Iliamuru mapazia yaachwe wazi saa za kufunga, ili mpita njia aione kaunta ilivyo tupu. Ilikataza chakula cha bure ambacho baa ziliwaandalia wanunuzi wa bia, yaani kile kipande cha nyama na mkate ambacho kwa vibarua wengi ndicho kilichokuwa chakula cha mchana. Na Jumapili ikawa marufuku kabisa, isipokuwa kwa hoteli. Hoteli yenye vyumba vya kulala visivyopungua 10 iliruhusiwa kumpa mgeni wake kinywaji, mradi kiambatane na mlo. Hebu tulia uionje hekima hiyo: Jumatatu mpaka Jumamosi ilikuwa kosa kumkaribisha mnywaji chakula, Jumapili ikawa kosa kumnyima.

Haikupita miezi, baa zikawa hoteli. Seremala aliitwa, ghorofa ya juu ikakatwakatwa kwa mbao nyembamba hadi vikapatikana vyumba 10, kila kimoja kikitosha kitanda na mtu wa kulala humo kwa kujikunja. Hoteli zilizuka kwa mamia. Nitajieni serikali nyingine iliyokuza sekta ya malazi kwa kasi hiyo, bila mkopo wa benki wala kongamano la wawekezaji.

Lakini fahari ya sheria hii, kito chake hasa, ni sandwichi. Mteja anaketi na kuagiza bia. Mhudumu anakuja na bilauri na sahani. Juu ya sahani pana vipande viwili vya mkate, kingo zimekauka na kujikunja, katikati umechungulia ukanda wa nyama ya nguruwe uliokwisha kupata rangi ya ngozi ya kiatu. Mteja anajua, mhudumu anajua: hailiwi. Ipo pale kutoa ushahidi. Bia ikiisha, sahani inanyanyuliwa na kupelekwa meza ya pili, inakuwa mlo wa mtu mwingine, kisha wa mwingine, mpaka usiku. Na Jumapili ya pili, kama panya hawajaifikia, inarudi kazini. Jacob Riis, mwandishi wa habari mzaliwa wa Denmark aliyeandika sana kuhusu mitaa ya maskini ya New York, anaeleza katika kitabu cha mwaka 1902 jinsi wenye baa walivyoikejeli sheria kwa kuweka kaunta sandwichi yenye tofali katikati. Anasimulia pia kisa cha mteja aliyekosa adabu kiasi cha kutaka kuila sandwichi aliyowekewa. Ugomvi ukazuka, polisi wakaingilia. Wakamrudishia mhudumu sandwichi yake, wala hawakumkamata mtu.

Mlo mmoja, uliolisha halaiki ya watu, na mwisho wa siku ukabaki mzima. Nisije nikakufuru, naliacha hapo.

Mahakama nazo hazikutoka mikono mitupu. Mawakili waliosomea mikataba na mirathi walijikuta wakijadili mbele ya hakimu mlo ni kitu gani, unaanzia wapi, na je, mtu asipoutafuna bado ni mlo? Roosevelt katika tawasifu yake ya mwaka 1913 anakumbuka, kwa uchungu uliochanganyika na kicheko, hakimu aliyeamua kwamba bia 17 na biskuti moja ya chumvi ni mlo halali. Sijasikia mtaalamu wa lishe aliyekata rufaa.

Sasa vile vyumba 10. Mwenye baa amelipa dola 800, amelipa seremala, vitanda vimetandikwa, na Jumapili huja mara moja tu kwa wiki. Biashara ya namna hiyo kwetu haihitaji maelezo: ni gesti ya kuingilia mchana, isiyouliza cheti cha ndoa, yenye kitabu cha wageni kilichojaa majina ya kubuni. Kwa hiyo sheria iliyodaiwa na wacha Mungu ili kuitakasa Sabato iliupatia ukahaba wa New York paa, kitanda na leseni ya serikali. Wapo wanaoiona hii kuwa dosari. Mimi naona ni ukarimu: ilikusudia kuzuia dhambi moja siku moja, ikaishia kuhudumia ya pili wiki nzima. Mwaka 1905 wacha Mungu wengine, wakishirikiana na watu wa biashara na wasomi, wakaunda Kamati ya Watu Kumi na Wanne kwa kazi ya kuzifunga hoteli zilizozaliwa na sheria ya wacha Mungu wa kwanza. Iliwachukua miaka. Fasihi pia ilipata fungu lake: Eugene O'Neill, aliyezijua baa hizo kwa kuishi humo, aliiweka tamthilia yake ya The Iceman Cometh ndani ya hoteli ya aina hiyo, mwaka 1912, walevi wake wakiwa ndio wapangaji.

Huko Wales sheria ya Jumapili ilijishughulisha zaidi na afya ya mwili. Sheria ya mwaka 1881 ilifunga baa za nchi hiyo Jumapili, lakini msafiri wa kweli alistahili kuhurumiwa, na kisheria msafiri wa kweli alikuwa mtu aliye maili tatu au zaidi, karibu kilomita tano, kutoka mahali alipolala jana yake. Unajua kilichofuata. Watu ambao wiki nzima hawakutembea zaidi ya uwanja wa nyumba zao waliamka Jumapili na hamu kubwa ya kuuona ulimwengu. Wa kijiji hiki walikwenda kunywa kile, wa kile wakaja hiki, wakapishana njiani wakipeana habari za mavuno. Tangu 1961 wilaya ziliruhusiwa kuamua kwa kura, na ya mwisho kufungua milango, Dwyfor, ilisalimu amri mwaka 1996.

Nirudi Marekani, maana huko bado bibi huyu anapumua. Indiana ilimpa sura ambayo New York haikuifikiria. Hadi tarehe 4 Machi 2018, Jumapili hukuweza kuingia dukani ukanunua bia ya kwenda kunywa sebuleni kwako, viatu umevua, kitanda kikiwa hatua chache. Uliruhusiwa kwenda kuinywa baa, halafu ukaendesha gari kurudi nyumbani. Jimbo hilohilo huruhusu maduka ya pombe kuuza bia baridi na kuzilazimu sheli na maduka ya vyakula kuuza ya moto, lakini hiyo ni mada ya sifa nyingine.

Texas yenyewe hairuhusu duka la pombe kali kufunguliwa Jumapili mpaka leo. Bia na mvinyo vinapatikana kwenye maduka ya vyakula kuanzia saa nne asubuhi. Kabla ya Septemba 2021 ilikuwa saa sita mchana. Ingia duka kubwa la Houston saa tatu na dakika hamsini. Pembeni ya majokofu ya bia wamesimama watu na matoroli yao, kila mmoja anasoma kwa makini maandishi ya nyuma ya pakiti ya tambi. Mtu asiyejua taratibu anafika kwa keshia na chupa ya mvinyo, labda ya kutilia mchuzi. Keshia anaipitisha, mashine inalia na kukataa. Hamna wa kumbembeleza, maana mashine haina mlango wa pembeni wala haipokei kitu kidogo. Saa nne kamili inalainika. Sijui ni dhambi gani inayoyeyuka kati ya saa tatu na dakika hamsini na tisa na saa nne, ila foleni nzima inaiona ikiyeyuka.

Wasioelewa huuliza imedumuje miaka yote hii, sheria isiyozuia kitu. Mwanauchumi Bruce Yandle alilijibu swali hilo mwaka 1983. Alisema sheria ya namna hii husimama kwa miguu miwili: mchungaji anayeitaka kwa ajili ya roho za watu, na mwuza magendo anayeitaka kwa ajili ya wateja wake. Mchungaji huisemea hadharani, mwenzake hufurahi kimyakimya, na mwanasiasa hupata baraka za mmoja bila kumuudhi wa pili.

Minnesota ilionyesha kwamba hata magendo si lazima. Ilipofika wakati wa kuruhusu maduka ya pombe kufunguliwa Jumapili, waliopinga kwa nguvu hawakuwa wahubiri peke yao. Walikuwepo wenye maduka ya pombe wenyewe. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Mtu wa kreti moja kwa wiki atanunua kreti moja, ufungue siku sita au saba; ya saba inakuongezea bili ya umeme na mshahara wa mhudumu. Sheria ikiwafunga wote, hakuna wa kumwibia mwenzake mteja, na kila mmoja analala Jumapili hadi jua kali akiwa na faida yake ya Jumamosi mfukoni. Walishindwa; milango ilifunguliwa tarehe 2 Julai 2017. Kabla ya hapo, waliosahau kununua Jumamosi walikuwa wakiwasha magari na kuvuka mto St. Croix hadi Hudson, mji mdogo wa Wisconsin ulio ng'ambo tu ya daraja. Hao wa Hudson, kwa miaka yote hiyo, hawakuwahi kuilalamikia sheria ya jirani.